Kinga ya mashine

Kinga ya mashine ni kizuizi kinachotenganisha mwili wa mtu na sehemu za mashine zinazoweza kumjeruhi, kama vile mkanda, puli, giya, shafti au msumeno. Inaweza kuwa boksi la bati, wavu wa chuma au uzio. Lengo lake ni kwamba mkono usifike penye hatari hata mtu akiteleza au akisahau.

Mahali inapohitajika

Mkiwa ni kata ya Wilaya ya Ikungi katika Mkoa wa Singida, nchini Tanzania, mahali ambapo barabara ya kutoka Itigi inaungana na ile ya Manyoni hadi Singida. Mkoa huo unajulikana kwa kilimo cha alizeti, pamoja na mtama, uwele na mahindi. Katika maeneo kama hayo mashine zinazotumika sana ni za kukamua mafuta ya alizeti, kukoboa na kusaga nafaka, na kupukuchua mahindi. Nyingi huendeshwa kwa mkanda unaotoka kwenye mota ya umeme au injini ya dizeli.

Kwa nini uangalifu hautoshi

Puli yenye kipenyo cha sentimita 20 inayozunguka mara 1,500 kwa dakika husogeza mkanda karibu mita 16 kila sekunde. Mtu huhitaji takriban robo sekunde ili kuitikia hatari. Katika muda huo mkanda umeshapita mita 4. Ncha ya khanga, mkono wa shati au nywele zikinaswa pale mkanda unapoingia kwenye puli, mtu huvutwa kabla hajaweza kujinasua. Glavu pia huweza kunaswa, hivyo hazivaliwi karibu na sehemu zinazozunguka.

Aina za kinga

* Kinga ya kudumu hufungwa kwa bolti na haitoki bila spana. Inafaa kwa mikanda na puli.
* Kinga yenye swichi huzima mashine inapofunguliwa.
* Kinga ya kurekebishwa hutumika kwa mfano kwenye msumeno wa mviringo, ambapo husogezwa kulingana na unene wa mbao.

Matundu ya wavu yanatakiwa kuwa madogo kiasi kwamba kidole hakipiti na kugusa sehemu inayozunguka.

Wakati wa matengenezo

Mashine huzimwa na kusubiriwa mpaka isimame kabisa kabla kinga haijafunguliwa. Swichi kuu ya umeme hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa kwa fundi mwenyewe, ili mtu mwingine asiiwashe. Kazi ikiisha, kinga hurudishwa kabla ya kuwasha tena.

Sheria

Sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1844 ilidai sehemu hatari za mashine ziwekewe uzio. Mwaka 1963 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 119, unaokataza pia kuuza au kukodisha mashine ambazo sehemu zake hatari hazina kinga. Kwa njia hiyo wajibu unaanza kwa muuzaji, si kwa mwendeshaji peke yake.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950. Inasimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA, ambao husajili na kukagua mahali pa kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa kuwalipa wafanyakazi wanaoumia kazini. Hata hivyo fidia hulipwa baada ya ajali kutokea, ilhali kinga huizuia isitokee.