Ugali Mweusi wa Milima ya Alps

Mtu wa Ufipa alikijua kwanza chakula cha Kizungu misheni. Mapadre Weupe walikabidhiwa ngome ya Karema mwaka 1885, wakatoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika wakapanda hadi uwanda wa juu, na walikokwenda walikwenda na mkate wao. Wazee wetu waliochungulia meza ya padre wakarudi na jibu moja: Mzungu hula mkate, nyama na viazi, kwa uma na kisu. Ugali ukabaki kuwa wetu sisi, na kwa baadhi yetu ukawa jambo la kuonea aibu mbele ya mgeni.

Imani hiyo hudumu mpaka mtu asafiri. Njia ya Italia kutoka huku kwetu ilifunguliwa na kanisa. Polycarp Pengo, mzaliwa wa Mwazye, alikwenda Roma mwaka 1973 na kumaliza udaktari wa teolojia mwaka 1977, miaka mingi kabla ya kuwa kardinali. Sisi tuliofuata tumekwenda kwa njia nyingine. Mimi nilikuwa mwanafunzi Milano, na kama wageni wote nilikula tambi mpaka nikazichoka. Nilijifunza pia kwamba kahawa yenye maziwa ni ya asubuhi. Ukiiagiza baada ya chakula cha mchana mhudumu anakutazama kama mtu aliyeomba uji harusini.

Nisichokitegemea nilikikuta Valtellina, bonde la milimani linalopakana na Uswisi, nyumbani kwa mwanafunzi mwenzangu. Bibi yake aliinjika sufuria kubwa ya shaba, akatia maji na chumvi, kisha akamwaga unga kidogo kidogo huku anakoroga kwa mti mrefu. Ulikuwa unga wa mahindi uliochanganywa na unga wa mbegu nyeusi za mmea ambao Waitaliano huuita grano saraceno. Alikoroga karibu saa nzima, maana unga wao husagwa chengachenga na hauivi upesi kama wetu. Mkono wake ulipochoka nikapokea mti. Mwishoni aliutupia siagi ya kutosha kumtisha daktari na vipande vya jibini, akakoroga tena mpaka jibini ikaanza kuvutika nyuzi. Rangi yake ilikuwa ya kijivu inayoelekea weusi. Machoni pangu ulikuwa ugali wa ulezi mtupu, ule ambao Ufipa ilikuwa ikiula kabla mahindi hayajatawala, tofauti ikiwa mafuta na chumvi.

Wao huuita polenta taragna. Polenta ya mahindi matupu huliwa kaskazini yote, na Waitaliano wa kusini huwakebehi wenzao wa huko kwa kuwaita wala polenta. Katika mkoa wa Abruzzo humiminwa juu ya ubao mkubwa katikati ya meza, mchuzi ukamwagwa juu, kila mtu akala kuanzia upande wake kuelekea kati. Yule bibi alinionyesha pia kiporo: kipande cha jana kimekatwa kikachomwa juu ya makaa, kikashushiwa na maziwa baridi. Sijui ni mtoto gani wa Sumbawanga asiyekijua kifungua kinywa hicho.

Lakini historia ya chakula hiki si ya kuchekelea. Mahindi yalifika Ulaya kutoka Amerika baada ya 1492, na wakulima maskini wa Veneto na Lombardia wakajikuta wanakula polenta asubuhi, mchana na jioni, bila kitoweo, kwa sababu ngano na nyama vilikuwa vya mwenye shamba. Ukaja ugonjwa wa pelagra: ngozi inababuka juani, tumbo linaharisha, akili inaruka, kisha kifo. Kufikia miaka ya 1880 wagonjwa walikuwa karibu laki moja, na hospitali za wendawazimu zilijaa wakulima. Wenyeji wa Mexico walikuwa wakiyachemsha mahindi na chokaa tangu kale, jambo linalofungua vitamini iliyofungwa ndani ya punje, ile ambayo kuikosa ndiko huleta pelagra. Wazungu walichukua punje, wakayaacha maarifa.

Wala pelagra haikubaki huko. Mwaka 1990 iliwapata wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa Malawi, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wa mahindi. Hapo ndipo nilipoyaheshimu maharage tunayoyala na ugali. Rukwa ni mojawapo ya maghala ya mahindi ya nchi, lakini mkulima wa Ufipa hupanda na maharage, na migebuka na dagaa hupanda mlima kutoka ziwani, Kasanga na Kirando, hadi soko la Sumbawanga. Kinachonitia wasiwasi ni sembe nyeupe iliyokobolewa mpaka ikabaki wanga, huku ulezi ukiachiwa pombe na uji wa watoto. Milano, sahani ya taragna hukaa kwenye orodha ya mgahawa bila haya, na mteja huilipia vizuri. Huku kwetu Matai na Laela, mgeni akija, mwenyeji hukimbilia kununua mchele.

Nyumbani taragna nimeipika hivi: mahindi ya dona sehemu mbili, ulezi sehemu moja, chumvi kidogo, moto mdogo na subira. Jibini ni adimu, kwa hiyo natia samli ya wafugaji wa bonde la Rukwa na maziwa mgando yaliyochujwa maji kwa kitambaa usiku kucha. Ulezi hulainika haraka kuliko mahindi, basi uutie dakika kumi za mwisho, la sivyo sufuria nzima itanata. Mama aliupokea ugali huo bila neno, akaomba aongezwe. Mjomba alimega tonge, akalitafuna, akauliza mboga iko wapi. Nikamwambia imo ndani. Akasukuma sahani pembeni na kumwita shangazi amletee maharage.