Hongo ya Maji, Jana na Leo

Mwaka 1872, katika tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, David Livingstone alikaa tangu Februari hata Agosti akiwangojea wapagazi walioahidiwa kuletwa kutoka pwani. Nao, kabla ya kuiona miembe ya Unyanyembe, nchi iliko Tabora, iliwapasa kuvuka Ugogo, nchi kame ambayo wenyeji wake, kwa kuwa ndio wenye visima, waliwatoza wasafiri hongo ya nguo na shanga. Hongo ilikuwa nzito, ila ilikuwa na adabu yake: kwa kawaida haikukatwa mpaka msafara useme na ujibiwe.

Leo maji huja Tabora kwa mabomba kutoka Ziwa Victoria, kwa mradi uliojengwa kwa mkopo wa India wa takriban dola milioni 268. Bei yake, kama ile ya umeme, hupitishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Na kabla ya kupitishwa huitishwa taftishi, mkutano wa hadhara ambamo muuzaji hutoa hoja zake, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, pamoja na raia yeyote, huruhusiwa kumpinga.

Haki hiyo yataka hesabu, wala si makelele. Twaa ankara, simama mbele ya dira ya maji, utoe usomaji wa mwezi uliopita katika usomaji wa sasa: kinachobaki ni uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita ishirini ishirini. Zidisha bei ya dumu liuzwalo kwa mkokoteni kwa 50, uilinganishe na bei ya uniti. Ndipo itakapodhihiri kwamba asiye na bomba, ambaye aghalabu ndiye fakiri zaidi, hulipa zaidi kuliko mwenye bomba, maana kila mkono upokeao dumu huchukua faida yake. Vijijini umeme umeunganishwa kwa shilingi 27,000. Kwa nini bomba nalo lisiunganishwe kwa bei kama hiyo?

Basi, enyi wakazi wa Kwihara na jirani zenu, zihifadhini risiti, muwatume wajumbe wenye takwimu, na tangazo la taftishi likibandikwa msilipite kama ubao wa mnada. Asiyekuwapo na lake halipo.