Gari Lililokwenda kwa Mwezi

Msomaji wangu, ukiwa na gari la mbio, jambo la kwanza utakaloulizwa na watu ni mwendo. Linakwenda ngapi hilo? Mimi nilikuwa nalo moja kwa miaka minane, nikikaa Likoni, na swali nililojiuliza kila asubuhi lilikuwa jingine kabisa: leo mwezi ngapi?

Lilikuwa Datsun 240Z la mwaka 1972. Viti viwili, silinda sita, kabureta mbili, na boneti refu kama omo ya jahazi. Wajapani kwao waliliita Fairlady. Sisi tulilijua kwa Safari Rally, kwani ndilo lililoshinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyemaliza sare na Harry Källström, naye pia akiwa ndani ya Datsun, hata ikabidi kanuni iamue. Kaka yangu alibandika picha ya gari hilo, aliyoikata gazetini, nyuma ya mlango wa jikoni. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini tuliambiwa gari lenyewe ni jekundu na boneti lake jeusi, nasi tukaliona hivyo hivyo kila tulipokwenda kuchota maji.

Langu nililipata mwaka 1998, nyuma ya gereji moja Changamwe, ambako kuku walikuwa wakitaga juu ya kiti cha dereva. Nililivuta mpaka kwa fundi, likakaa miezi mitano, na akiba yangu ya miaka minne ikaishia humo.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo. Siku nililolileta nyumbani alitoka na bakora yake, akalizunguka, akachungulia ndani.

"Mwanangu, mbona viti viwili?"

"Ndivyo lilivyo, baba."

"Na wa tatu?"

Sikuwa na jibu.

"Wa tatu atakwenda kwa miguu," akasema. "Hili ni gari la mtu asiye na watu." Akarudi kwa wanafunzi wake. Miaka mitatu hakutia mguu ndani.

Sasa nieleze habari ya mwezi. Wakati ule, aliyekaa Likoni na kazi yake iko kisiwani hakuwa na budi kupanda feri. Maji yakijaa, feri hulaza ulimi wake karibu sawa na ardhi, na gari huingia kama liingiavyo uani. Yakipwa, ulimi hushuka hadi chini ya mteremko, na pale mteremko unapokutana na ulimi pana pembe. Gari la kawaida huiruka pembe hiyo. Gari lenye pua ndefu na tumbo la chini huikwangua, na mlio wake humwingia mwenye gari kwenye meno. Kila mvuvi ajua kwamba wakati wa bamvua, mwezi mosi na mwezi kumi na tano na siku mbili tatu zifuatazo, maji ya Mombasa hujaa sana na kupwa sana. Yakawa yamejaa mnamo saa kumi, na yamepwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu hakuna tabu. Haya nilifunzwa na baba nilipokuwa mdogo, kwa ajili ya kufunga na kuvua. Sikudhani yatanifaa kwa Datsun.

Likishavuka kurudi Likoni, hapo ndipo raha yake. Jumapili alfajiri, njia ya Lungalunga haina mtu, unapita Ng'ombeni na Waa, na ukifika Tiwi minazi imekwisha kuwa ukuta mmoja. Gia ya tatu ilikuwa na sauti ambayo mpaka leo, nikiwa kitandani, naweza kuisikia. Sitaki kuieleza zaidi; aliyeisikia ameisikia.

Mwaka 2001, usiku wa mwezi kumi na sita, saa nne kasorobo, jirani yangu alinigongea mlango. Mkewe ameshikwa na uchungu, mkunga amesema apelekwe hospitali kuu kisiwani, na teksi hakuna. Nikatoa gari. Mama mzazi wa yule mwanamke akasema hamwachi mwanawe. Nikamtandikia mkeka nyuma, chini ya kioo cha buti, akajilaza na buibui lake huku akisoma dua kwa sauti. Jirani mwenyewe hakupata nafasi. Akatukimbilia kwa miguu hadi ferini, nami nikayakumbuka maneno ya baba.

Bamvua. Maji yamepwa hadi mwisho. Nikaona ule mteremko chini ya taa, nikasimama. Nikijitosa, pua itakwama, na gari likikwama pale hata feri haiondoki. Mgonjwa kando yangu akanishika mkono, akasema neno moja tu: "Kaka."

Nikashuka, nikapiga kelele. Wakaja mabaharia wa feri, muuza kahawa, vijana waliokuwa wakingoja kuvuka, na jirani yangu akihema. Wengine wakatia mbao, wengine wakashika chini ya bampa. Tani moja ile wakainyanyua pua yake kama wanyanyuavyo ngalawa, nami nikaingiza gari pole pole. Upande wa pili, wakati wa kupanda, ekzosi ilipiga chuma ikabaki pale pale. Yule mama nyuma akakatiza dua akatamka neno nisiloweza kuliandika gazetini. Tukapita mjini tukinguruma kama Safari yenyewe. Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya alfajiri, mwanamume, salama.

Asubuhi baba alinikuta uani nikilitazama tumbo la gari.

"Mlikwenda wangapi?"

"Watatu, baba."

"Na mliyemfuata?"

"Na yeye, wanne."

Akaweka bakora ndani, akaingia, akahangaika na ule mlango mrefu mpaka ukafungika. "Nipeleke Tiwi," akasema. Nikamwambia ekzosi haipo. Akasema masikio yake ni mazee. Tangu siku ile kila Alhamisi baada ya alasiri tulikwenda, na mshale ulipofika mia na ishirini aliniuliza kama ndipo mwisho wake hapo.

Alifariki mwaka 2004. Chumvi nayo haikungoja: sakafu ililika, fundi akachomelea, akapiga puti, ikalika pembeni. Magari ya aina ile yalikuwa yamekwisha anza kutafutwa, kwani tangu mwaka 2003 palikuwa na mashindano ya Safari ya magari ya zamani. Mwaka 2006 akaja mnunuzi kutoka Nairobi, tukakubaliana. Alifika kulichukua saa nne asubuhi, mwezi kumi na tano.

Nikamwambia angoje mpaka alasiri. Akatazama saa yake, akacheka, akauliza mwezi wahusu nini na gari. Nikamtilia kahawa, tukakaa barazani. Saa kumi na robo aliingia ferini bila kugusa popote.