Chumba cha Kompyuta na Nambari ya Tarakimu Mia

Katika ukanda wa Kilifi na Malindi, kama kwingineko nchini, mpango wa kujenga chumba cha kompyuta za hesabu nzito huanza na karatasi nzuri. Humo mna seva, intaneti ya kasi, wanafunzi watakaofunzwa na utafiti utakaofanywa. Mara nyingi hutajwa pia usalama wa mitandao, kwa kuwa jambo hilo huwaingia wafadhili haraka. Ukifika hapo, nambari kubwa haziko mbali. Kufuli nyingi zinazolinda kurasa za benki hutegemea nambari yenye tarakimu 617, iliyopatikana kwa kuzidisha nambari tasa mbili. Kuzidisha ni kufumba na kufumbua. Kurudi nyuma, kuvitafuta vigawo viwili ndani ya nambari ya ukubwa huo, bado hakuna aliyetangaza kuweza.

Kazi hii inafaa kupimia miradi ya namna hii kwa sababu ukamilifu wake hauna mjadala. Jengo laweza kuzinduliwa likiwa halina milango. Nambari ama imepatikana vigawo ama haijapatikana, na mwenye shaka huvizidisha akajionea mwenyewe.

Chukua 8,051. Anayegawanya kwa subira atajaribu nambari tasa 22 bila mafanikio, hadi afike 83. Lakini anayetulia ataona kwamba 8,051 ni 8,100 kutoa 49, yaani 90 mara 90 kutoa 7 mara 7. Basi vigawo ni 90 kutoa 7 na 90 kujumlisha 7: 83 na 97. Mbinu kubwa za leo zimesimama juu ya wazo hilohilo. Kompyuta huchekecha nambari nyingi mno zikitafuta zile zinazovunjika vipande vidogo, kisha vipande hivyo hupangwa katika jedwali kubwa la mistari na safu mpaka utokee uhusiano wa aina ile ya 90 na 7.

Hapa ndipo mipango huanza kuachana na hali halisi. Nusu mbili za kazi hii hazihitaji mashine za aina moja. Kuchekecha kunagawika: kila kompyuta hupewa fungu lake, na ikizimika, hupotea fungu moja tu. Jedwali halikubali hivyo. Sehemu zake husemezana muda wote, na huhitaji kumbukumbu kubwa na nyaya za kasi kati ya mashine na mashine. Ni kama wali wa arusi: nazi zaweza kukunwa katika nyumba za mtaa mzima, lakini mchele wote hushukia sufuria moja.

Mfano unaojulikana ni wa nambari ya tarakimu 129 iliyotolewa kama changamoto mwaka 1977. Makadirio ya wakati ule yalisema ingechukua miaka milioni bilioni 40. Vigawo vyake vilipatikana Aprili 1994. Watu wapatao 600 wa kujitolea walichekecha kwa kompyuta zao zipatazo 1,600, kwa zaidi ya nusu mwaka, wakituma matokeo kupitia intaneti. Jedwali lenyewe lilipelekwa kwenye mashine moja kubwa, likamalizwa kwa siku zisizozidi mbili. Ni nadra mradi kuwahi tarehe yake kiasi hicho, na haikuwa kwa sababu wasimamizi walikuwa hodari kuliko wengine: kati ya miaka hiyo mbinu zilibadilika, na kompyuta pia.

Ujenzi, kwa kawaida, huanza na kinachoonekana. Kuta hupakwa rangi, meza hupangwa, viyoyozi hufungwa, kompyuta hufika ndani ya maboksi. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, kwa hiyo ununuzi mwingi husukumwa miezi ya mwisho, na mashine zaweza kufika kabla stima haijaunganishwa. Hakuna ubaya wa makusudi katika hilo: afisa anajua kwamba fedha zisizotumika zaweza kurudi. Ila dhamana ya mwaka mmoja huanza kuhesabiwa siku ya kupokea mzigo, siyo siku ya kuuwasha.

Linaloachwa ni lile lisilopigwa picha: nyaya za kasi baina ya mashine, betri za akiba, bomba la kutolea maji ya kiyoyozi, fundi wa kudumu. Hewa ya pwani ina chumvi, na anayeishi karibu na bahari hahitaji kuelezwa inavyofanya mabati na misumari. Ndani ya kompyuta hufanya hivyohivyo, polepole, hasa pale ambapo madirisha hufunguliwa kwa sababu kiyoyozi kimekufa.

Pwani hii ina mfano wa zamani wa tofauti kati ya kujengwa na kutunzwa. Mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, setilaiti zilirushwa kutoka jukwaa la baharini kati ya 1967 na 1988. Kurusha kulikoma, na jukwaa likabaki bila kazi. Kituo cha nchi kavu kinachopokea mawimbi ya setilaiti kiliendelea, kwa kuwa kilikuwa na watu wa zamu, umeme na kazi ya kila siku.

Gharama nazo hupanda kwa njia zinazotabirika. Vifaa hununuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 113. Januari 2024 ilifika karibu 160, kisha ikashuka hadi 129 hivi kabla ya mwaka kwisha. Bajeti iliyoandikwa mwaka mmoja na kulipwa mwaka mwingine haiwezi kukosa kuyumba. Kisha huja umeme wa kupoza chumba na dizeli ya jenereta. La ajabu ni kwamba programu nzuri za kutafuta vigawo hupatikana bure. Kinachogharimu ni kuziendesha mwezi baada ya mwezi.

Hesabu ndogo ingesaidia tangu mwanzo. Nambari ya tarakimu 250 iliyopatikana vigawo Februari 2020 ilikula kazi ya takriban miaka 2,700 ya kiini kimoja cha prosesa. Chini ya sehemu moja kwa kumi ya hiyo ilikwenda kwenye jedwali. Chumba chenye kompyuta 20 za viini 8 kila moja kingehitaji karibu miaka 17, na stima isipotee hata mara moja. Anayeahidi hayo anajidanganya. Lakini nambari ya tarakimu 100 ni kazi ya saa chache kwa kompyuta moja ya kawaida, na chumba hichohicho chaweza kwenda mbele zaidi ndani ya muhula mmoja wa masomo. Kwa maoni yangu, hicho ni kipimo cha heshima kabisa.

Linabaki suala la anayeingia. Mwalimu wa Ganze au wa Magarini hana siku ya kazi ya kupoteza njiani, naye akifika Jumamosi hukuta mlango umefungwa na mwenye ufunguo yuko kwao. Kuchekecha hufanyika vizuri usiku, mashine zikiwa hazina mtu, na mwenye akaunti aweza kuagiza kazi akiwa nyumbani kwa simu. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Umbali si kisingizio kikubwa tena. Kinachokosekana mara nyingi ni akaunti hiyo, na mtu wa kuifungua.

Kwa hiyo wanaoandika mipango ya namna hii waongeze mistari mitatu: nambari ya tarakimu ngapi itapatikana vigawo, kufikia mwezi gani, na nani atashika ufunguo siku za mapumziko.