Je, ni lazima mtu awe na dini ili awe mwema?

WAKENYA 95 katika kila 100 walioulizwa walisema kwamba ni lazima mtu amwamini Mungu ili awe na maadili mema. Nchini Sweden waliosema hivyo walikuwa 9 tu katika kila 100.

Takwimu hizo zilitolewa Julai 2020 na kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani, baada ya kuwahoji watu zaidi ya 38,000 katika nchi 34. Zinaonyesha jinsi walimwengu walivyogawanyika kuhusu swali ambalo limewashughulisha wanafalsafa, mashehe na mapadri kwa karne nyingi.

Kwa Afrika Mashariki, swali hilo si la darasani peke yake. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini, sawa na asilimia 1.6 ya wananchi wote. Tanzania haina idadi ya namna hiyo, kwa kuwa sensa zake hazijauliza swali la dini tangu ile ya mwaka 1967.

Watu hao hufundisha shuleni, hufanya biashara, huoa na kuolewa, na pengine siku moja huitwa mahakamani kutoa ushahidi. Hapo ndipo jamii inapolazimika kutoa jibu: je, neno la mtu asiyemwogopa Mungu laweza kuaminika?

Februari 2016, chama cha watu wasioamini kuwapo kwa Mungu kiliandikishwa rasmi nchini Kenya. Miezi miwili baadaye usajili wake ulisimamishwa, kwa maelezo kwamba shughuli zake zilikuwa tishio kwa amani na utulivu wa nchi, ingawa Ibara ya 32 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni.

Hofu ya kwamba asiye na dini ni hatari kwa utulivu wa jamii ina historia ndefu.

Kiapo cha Bradlaugh

Mwaka 1689, mwanafalsafa wa Uingereza, John Locke, aliandika waraka mashuhuri wa kutetea uvumilivu wa kidini. Hata hivyo, uvumilivu huo aliuwekea mpaka. Alisema kuwa wanaomkana Mungu hawastahili kuvumiliwa, kwa sababu ahadi, mapatano na viapo, ambavyo ndivyo vinavyoifunga jamii pamoja, haviwezi kuwa na nguvu juu yao.

Miaka 7 kabla ya waraka huo, Mfaransa Pierre Bayle alikuwa amekwisha kutoa hoja iliyo kinyume. Alidai kuwa hata jamii ya watu wasioamini ingeweza kuishi kwa utaratibu na heshima, kwa maana watu hawatendi daima kulingana na wanayoyaamini. Huongozwa pia na tabia, matamanio, sheria na haja ya kuheshimiwa na wenzao.

Mvutano huo ulifika katika Bunge la Uingereza mwaka 1880, pale Charles Bradlaugh, mtu aliyetangaza waziwazi kwamba hana dini, alipochaguliwa kuwa mbunge wa Northampton. Aliomba kutoa uthibitisho badala ya kuapa kwa jina la Mungu, akakataliwa. Aliposema kuwa yuko tayari kuapa, alikataliwa tena, kwa hoja kwamba kiapo chake kisingekuwa na maana.

Alitolewa bungeni, akawekwa kizuizini usiku mmoja, na wapiga kura wakamchagua tena na tena. Hatimaye aliruhusiwa kuketi mwaka 1886. Miaka 2 baadaye alifanikisha kupitishwa kwa sheria iliyowaruhusu wabunge na mashahidi kuthibitisha bila ya kuapa.

Mtu huyo ambaye neno lake lilionekana halina uzito alitumia miaka yake ya mwisho bungeni kutetea haki za wananchi wa India, ambao hawakuwa na kura ya kumpa. Alifariki dunia mwaka 1891.

Sheria za Kenya na Tanzania nazo zinampa shahidi nafasi ya kuthibitisha badala ya kuapa. Nchini Kenya, hata viapo vya viongozi vilivyomo katika Jedwali la Tatu la Katiba vimeandikwa kwa namna mbili, ya kuapa na ya kuthibitisha, na maneno ya kumwomba Mungu msaada husemwa na anayeapa tu. Shahidi anayesema uongo hutenda kosa lilelile, awe aliapa au alithibitisha.

Kwa maneno mengine, sheria haikungoja wanazuoni wamalize ubishi wao.

Hoja za wenye imani

Wanaosema kuwa dini ni ya lazima wana hoja tatu kubwa, na hakuna hata moja iliyo ya kupuuzwa.

Ya kwanza ni ya chimbuko. Ikiwa hakuna Muumba aliyeweka kipimo cha haki na dhuluma, basi wema unakuwa maoni ya watu tu, na maoni hubadilika kulingana na nyakati na matakwa ya wenye nguvu.

Ya pili ni ya usimamizi. Polisi na jirani hawaoni yanayotendeka gizani, lakini mcha Mungu anajua kuwa yupo anayeona. Mtunza fedha aliye peke yake na kasha lililo wazi ana sababu moja zaidi ya kutonyoosha mkono.

Ya tatu ni ya malezi. Dini haisemi tu kwamba wema ni jambo jema, bali huweka siku, saa na kiwango cha kuutenda. Zaka, sadaka na saumu humzoesha mtu kujinyima na kumkumbuka mwenye njaa. Hospitali na shule nyingi katika eneo hili zilianzishwa na taasisi za dini wakati ambapo hapakuwa na mwingine wa kuzijenga.

Pamoja na hayo, ndani ya dini zenyewe wapo walioona kuwa binadamu aweza kutambua jema na baya hata kabla ya kufikiwa na mafunuo. Katika Uislamu, wanazuoni wa Mu'tazila walishikilia kuwa akili yaweza kujua kwamba dhuluma ni mbaya, wakati wafuasi wa Ash'ari, aliyeishi hadi karne ya 10, walisisitiza kuwa ubaya na wema hujulikana kwa amri ya Mwenyezi Mungu.

Upande wa Ukristo, Mtume Paulo katika Waraka kwa Warumi anawataja watu wa mataifa wasio na Torati ambao hata hivyo hutenda yaliyomo ndani yake. Katika karne ya 13, Thomas Aquinas aliijenga juu ya msingi wa namna hiyo nadharia yake ya sheria ya maumbile, ambayo kila mwenye akili aweza kuifahamu.

Utu na asili yake

Barani Afrika mjadala umechukua sura yake. Padri na mwanazuoni wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kuwa dini imepenya kila upande wa maisha ya Mwafrika kiasi kwamba ni vigumu kuitenga. Mwandishi wa Uganda, Okot p'Bitek, alimpinga yeye na wengine wa mkondo huo, akisema kuwa waliwavisha Waafrika mawazo ya kidini yaliyotoka kwingine.

Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, naye alihoji kuwa maadili ya Waakan yamesimama juu ya manufaa ya binadamu na maelewano ya jamii, wala si juu ya amri kutoka mbinguni, ingawa Waakan wanamwamini Mungu.

Kiswahili chenyewe kina neno linalogusa hoja hiyo. Anapotenda mtu jambo la ukatili, husemwa kwamba hana utu, na hakuna anayeuliza kwanza kama huswali au husali. Methali isemayo kuwa mtu ni utu haikutaja dini, japokuwa wengi wanaoitumia ni watu wa dini.

Historia yasemaje?

Historia haimpi yeyote ushindi wa moja kwa moja. Wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, nchi ambayo wananchi wake wengi walikuwa Wakristo, watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, yakiwemo ya Nyamata, Ntarama na Nyange. Padri wa parokia ya Nyange, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na Mahakama ya Rufaa ya ICTR kwa kushiriki katika mauaji ya waliojificha kanisani mwake.

Lakini katika mwezi uleule wa Aprili 1994, mjini Gisenyi, Mkatoliki Félicité Niyitegeka alikataa kuokoa nafsi yake na kuwaacha Watutsi aliowahifadhi. Aliuawa pamoja nao, na leo anahesabiwa miongoni mwa mashujaa wa taifa la Rwanda. Imani iliyoshindwa kumzuia Seromba ndiyo iliyompa Niyitegeka nguvu ya kubaki.

Wala kuiondoa dini si dawa. Albania ilifunga makanisa na misikiti mwaka 1967 na kujitangaza kuwa taifa lisilo na dini, lakini utawala wa Enver Hoxha ulijaza magereza na kuwatesa wananchi wake.

Sweden, kwa upande wake, huorodheshwa mara kwa mara miongoni mwa nchi zenye rushwa ndogo zaidi duniani. Mfano huo nao unahitaji tahadhari. Nchi hiyo ina mahakama, shule na huduma za jamii zilizo imara, na Kanisa la Kilutheri lilikuwa kanisa la dola huko hadi mwaka 2000. Ni vigumu kusema ni kiasi gani cha uadilifu wa leo kilipandwa na mababu waliokuwa wakienda kanisani.

Yanayobaki wazi ni mambo mawili. Dini yaweza kuwa shule ya wema, na kwa mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki ndiyo shule pekee waliyoijua. Ila kuandikishwa katika shule si sawa na kufaulu, na wapo waliojifunza kwingine wakafaulu.

Kwa hiyo mwajiri anayemuuliza mwombaji kazi dini yake ili ajue kama ni mwaminifu, au mzazi anayemuuliza mchumba wa binti yake swali hilohilo, huenda akapata jibu la kweli lisilomsaidia. Hakimu, ambaye mbele yake husimama walioapa na waliothibitisha, hana njia ya mkato kama hiyo. Humsikiliza shahidi, akayapima maneno yake kwa ushahidi mwingine, ndipo akaamua kama amesema kweli.