Fanani na Hadhira Katika Foleni Moja

Katika darasa la nadharia tunafundishwa kwamba fasihi simulizi huwakutanisha fanani na hadhira ana kwa ana, ilhali fasihi andishi huwatenganisha: mwandishi yuko kwake, msomaji yuko kwake, na katikati amekaa mchapishaji. Tunaliandika hilo kwenye mtihani, tunapata alama zetu, basi. Makala haya yanakusudia kulihoji dai hilo kwa mfano wa mbali kidogo. Mfano wenyewe ni Comiket, soko la machapisho ya mashabiki linalofanyika Tokyo mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba. Nilishinda huko siku moja ya Agosti 2019.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya watoto na vibonzo vyao. Wasome historia. Comiket ilianzishwa na wahakiki. Mwaka 1975 kikundi kidogo kilichoitwa Meikyu, ambacho Yonezawa Yoshihiro alikuwa mmoja wa wanachama wake, kilikuwa kikijishughulisha na uhakiki wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani. Palikuwa na kongamano jingine la mashabiki, na shabiki mmoja aliyelikosoa akazuiwa kuhudhuria. Wenzake wakaamua kuandaa la kwao, ambalo mlango wake usingefungwa kwa sababu ya ukali wa kalamu ya mtu. Desemba 21, 1975, vikundi 32 vilipanga meza katika ukumbi mmoja wa Tokyo, wakaja watu wapatao 700, wengi wao wasichana wa shule. Agosti ile ya 2019, kwa siku 4, waandaaji walihesabu watu wapatao 730,000.

Kinachouzwa huko ni dojinshi: maandishi na michoro iliyochapishwa kwa gharama ya mwandishi mwenyewe au kikundi chake. Utaratibu huu ni wa zamani. Mwaka 1885 vijana wa kikundi cha Ken'yusha, akiwemo Ozaki Koyo, walianza kuzungushiana jarida la Garakuta Bunko likiwa limeandikwa kwa mkono. Kwa kipimo hicho, hata jarida hili ulilonalo mkononi ni dojinshi halali kabisa.

Sasa foleni. Jamani, foleni! Watu wamepangwa kwa mafungu mbele ya jumba la Big Sight, jua la Agosti linawaka, na hakuna anayesukumana. Wanaopanga ni watu waliojitolea. Saa nne asubuhi ikatangazwa kwamba soko limefunguliwa, na ukumbi mzima ukapiga makofi, wauzaji kwa wanunuzi. Nilishangaa, eti wanampigia nani? Mwenyeji wangu akanieleza kwamba kwa itikadi ya Comiket hakuna wateja. Anayeuza, anayenunua na anayepanga foleni wote huitwa washiriki. Niliona maana yake kwenye meza zenye wasomaji wengi: mtu wa mwisho katika foleni hushika kibao kinachoonyesha kwamba mkia uko hapa, na akija mwingine nyuma yake humkabidhi. Hadhira inajipanga yenyewe, bwana.

Kila kikundi hupewa nusu ya meza tu. Mwandishi ameketi, vitabu viko mbele yake. Msomaji huomba ruhusa, huchukua kimoja, na kukifungua palepale huku mwenye kazi akimtazama usoni. Nilisimama kando ya meza moja karibu nusu saa kwa ajili ya hilo. Kijapani changu ni cha kuombea maji, lakini uso hausomwi kwa kamusi. Wengine walirudisha kitabu, wakainama, wakaenda zao. Alikuja mmoja ambaye alikuwa amesoma toleo lililotangulia, akaanza kulalamikia namna mhusika mmoja alivyouawa. Mwandishi hakununa, alitoa daftari akaandika. Mtambaji wa ngano akiona watoto wanasinzia hubadili sauti. Huyu naye alikuwa akifanya hivyo hivyo, isipokuwa badiliko lingesubiri hadi Desemba.

Lipo suala gumu: wengi wa waandishi hawa wameazima wahusika wa watu. Je, ni wezi? Japani kesi ya jinai ya hakimiliki kwa kawaida huhitaji malalamiko ya mwenye mali, na wengi hunyamaza. Si wote. Mwaka 1999 mchoraji mmoja alikamatwa kwa dojinshi ya Pokémon baada ya Nintendo kulalamika. Sheria ilipobadilishwa, kuanzia Desemba 30, 2018, baadhi ya makosa yaliruhusiwa kushtakiwa bila malalamiko, lakini kazi za kuigiza za namna hii ziliachwa nje ya badiliko hilo. Sisi tuliokulia katika ngano tunajua kwamba Sungura hana mwenyewe. Tofauti ni kwamba Sungura hakubuniwa na msanii aliye hai anayetafuta kodi ya nyumba, na hoja hiyo siwezi kuipuuza.

Kisanaa, nyingi nilizofungua ni dhaifu zikisimama peke yake. Zinategemea msomaji awe anaijua kazi ya awali. Lakini hebu tazama malumbano ya washairi magazetini mwetu: shairi la kujibu, ukilisoma bila lile lililojibiwa, nalo huyumba. Hatusemi kwamba si fasihi. Tunasema ni sehemu ya mazungumzo, tunalitafuta la kwanza, tunaendelea. Kwa maoni yangu, kinachomtenga fanani na hadhira si wino. Ni gharama ya kuchapa, na idadi ya watu waliokaa katikati. Zikipungua hizo, maandishi huanza kuwa na tabia tunazozihifadhi kwa ajili ya masimulizi peke yake.

Kila kikundi hutoa nakala moja kwa waandaaji kabla ya kuanza kuuza. Yonezawa alifariki mwaka 2006, na mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Meiji, alikosoma, kilifungua maktaba yenye jina lake, iliyoanzia kwenye vitabu alivyoviacha. Huko manga hukaa rafuni na kusomwa kama vitabu vingine, na wanaokwenda kuzisoma ni pamoja na watafiti.