KABURETA KUBWA SI DAWA YA GARI KUUKUU



Wenzetu wa gereji za mjini, na hata wale wa karakana za mashamba ya chai na mkonge, huletewa mara kwa mara gari la zamani na kuambiwa: "Fundi, nataka likimbie." Mwenye gari amekwisha kununua kabureta mbili kubwa, zinang'aa ndani ya boksi, naye anataka zifungwe kabla ya Jumamosi. Tangu mwaka 2003, yalipoanza nchini Kenya mashindano ya Safari ya magari ya zamani, hamu hiyo imeongezeka. Sisi hatuipingi. Tunalosema ni kwamba fundi anayefunga kila anacholetewa bila kuuliza ndiye atakayelaumiwa gari likikohoa mlimani, na pengine ndiye atakayekatwa mshahara.

Tuchukue mfano wa gari moja ambalo wengi tunalijua, Datsun 1600 SSS. Ndilo lililoshinda Safari ya mwaka 1970, likiendeshwa na Edgar Herrmann. Injini yake ina silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,595. Ilitoka kiwandani na kabureta mbili za Hitachi, zilizotengenezwa kwa mfano wa kabureta za SU za Uingereza. Mtu akitaka kuiongezea nguvu ana njia tatu: kuzitengeneza upya hizo hizo mbili, kuweka Weber moja ya 32/36, au kuweka Weber mbili za DCOE za milimita 40.

Kwanza tukumbushane kabureta hufanya kazi gani. Hewa inayovutwa na injini hupita katika koo jembamba. Ikipita hapo huenda mbio zaidi, msukumo wake hupungua, na petroli hunyonywa kutoka kwenye jeti na kutawanyika kama ukungu. Koo likiwa pana kupita kiasi, hewa huenda polepole. Petroli haiwi ukungu tena, hudondoka matone. Hapo utaona gari linaunguruma vizuri likiwa limesimama, lakini ukilipa mzigo na mlima linamisi, linatoa moshi mweusi na kunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Basi ukubwa wa kabureta hupimwa kwa kiasi cha hewa ambacho injini inaweza kuvuta. Injini yenye kemshafti ya kawaida na eksosi ya kawaida haivuti hewa zaidi eti kwa sababu imefunguliwa mlango mpana.

Kabureta za mfano wa SU zina hekima yake. Ndani mna pistoni inayopanda na kushuka kwa kufuata hewa inayovutwa, kwa hiyo koo hujipanua na kujibana lenyewe. Sindano iliyochongwa hupanda pamoja na pistoni ndani ya jeti na kupima petroli. Zikiwa nzima, zinaitosha kabisa 1600 ya barabarani, na kwa maoni yetu hapo ndipo fedha ya kwanza ingetumika. Kwa kawaida kilichokwisha ni shafti ya mlango wa hewa, ambayo imelika hadi inacheza na kuvuta hewa ya wizi. Ishike kwa vidole uitikise. Ikicheza, usipoteze siku nzima kugeuza skrubu. Angalia pia mafuta mepesi ya injini juu ya pistoni ya kabureta. Yakikauka, gari hukwama kidogo kila unapokanyaga mafuta.

Weber ya 32/36 ina makoo mawili yanayofunguka kwa zamu. Dogo hufanya kazi ya kila siku, na kubwa huingia ukikanyaga sana. Inafaa gari ambalo kabureta zake zimekufa kabisa na mwenyewe anataka kitu kimoja cha kurekebisha. Lakini SSS yenye kabureta zake mbili nzima haipati faida kubwa kwa kubadilishiwa hiyo.

Hizo DCOE mbili ndizo watu wanazoziota, maana kila silinda inapata koo lake. Ni kabureta nzuri sana, ila zinadai injini iliyotayarishwa na fundi mwenye subira. Namba 40 ni upana wa mlango, wala si wa koo. Koo ni bomba linalobadilishwa ndani yake. Kwa 1600 ya barabarani anza na koo la milimita 30, au 32 kama kemshafti imebadilishwa. Mafundi wa zamani huzidisha koo kwa 4 kupata jeti kuu: koo la 30 linataka jeti ya 120, yaani tundu la milimita 1.20. Jeti ya hewa huongezwa kama 50 juu ya hapo, 170. Hizo ni namba za kuanzia tu. Tena jeti inayoleta malalamiko mengi ni ile ndogo ya mwendo wa taratibu, kwa sababu ndiyo inayolisha injini karibu muda wote wa kuendesha mjini. Mtu hulalamika gari linakula mafuta, fundi akabadilisha jeti kuu mara tatu, kumbe ubaya uko kwenye hii ndogo.

Kuna mambo mawili hapa ambayo barabara zetu haziyasamehe. La kwanza ni mtikisiko. DCOE hufungwa juu ya mpira laini ili petroli isitoke povu ndani ya bakuli, na nati zake hazikazwi hadi mwisho. Fundi mwenye mkono mzito akizikaza zote, mpira haufanyi kazi tena, na kwenye barabara yenye matuta-matuta gari litakufa njiani bila sababu kuonekana. La pili ni vumbi. Wako wanaotoa chujio la hewa ili wasikie mlio mtamu wa makoo wazi. Vumbi la murramu ni mchanga, nao mchanga husaga silinda na ringi. Anayetaka mlio na akanunue redio.

Sasa tuzungumze habari ya mwinuko, ambayo vitabu vya Ulaya huipitia mbio mbio. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu, na huko msukumo wa hewa umepungua karibu sehemu moja katika sita. Ukiendelea hadi Timboroa unafika kama mita 2,700, halafu unateremka hadi Kampala, kiasi cha mita 1,200. Barabara ni moja, lakini hewa zake ni nne. Kabureta haijui hewa imekuwa nyepesi, inaendelea kutoa petroli karibu ile ile. Kwa hiyo gari lililorekebishwa vizuri Mombasa litakuwa na mchanganyiko mzito Kericho, na lililorekebishwa Kericho litakuwa na mchanganyiko mwepesi likishuka pwani. Huu mwepesi ndio wa hatari zaidi, maana injini hupata joto hadi pistoni zikaungua. Rekebisha gari mahali linapofanya kazi. Na nguvu iliyopotea kwa mwinuko hairudi kwa jeti kubwa. Mwenye gari aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Kabureta ishikwe mwisho. Anza na kukandamiza kwa silinda, nafasi za vali, plagi, pointi na taimingi. Ndipo ulegeze kiungo kati ya kabureta mbili, uchukue mpira mwembamba wa kama nusu mita, mwisho mmoja sikioni na mwingine mdomoni mwa kabureta. Sikiliza mvumo wa hewa huku na huku, urekebishe mpaka ulingane. Kwa SU, inua pistoni kidogo sana, chini ya milimita moja. Mwendo wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzimika, imepungua. Ikipanda kidogo na kurudi, ni sawa. Kuipandisha jeti hupunguza petroli na kuishusha huongeza, kidogo kidogo. Mwisho lipeleke mlimani na mzigo, uzime injini huku klachi imekanyagwa, usimame, utazame plagi: nyeusi ya masizi ni nzito, nyeupe ni nyepesi, kahawia ndiyo inayotakiwa. Ila ufunguo usirudishwe hadi mwisho gari likiwa linakwenda, usukani unaweza kujifunga.

Kazi hii yote inafanyika puani mwetu. Moshi wa eksosi una kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, kwa hiyo injini isiachwe ikiunguruma ndani ya karakana iliyofungwa hata siku ya mvua. Risasi iliondolewa katika petroli ya nchi zetu kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini petroli haikugeuka maji ya kunawia. Ndani yake mna benzini, inayoleta saratani ya damu. Usinyonye petroli kwa mdomo, wala usioshe jeti kwa mikono mitupu. Meneja aombwe glavu na sabuni kama anavyoombwa spana.

Pampu nayo ipimwe. Weber za DCOE zinataka kama pauni 3 tu kwa inchi ya mraba. Pampu yenye nguvu zaidi hulishinda boya, petroli ikamwagika juu ya eksosi ya moto. Hapo weka kipunguza nguvu, na kizimamoto kiwe karibu na mkono. Kabla ya kufungua chochote, andika katika karatasi ya kazi namba za jeti ulizozikuta, ulizoziweka, na mahali gari lilipopimwa, mwenye gari atie sahihi. Jeti za zamani zitiwe katika kopo na kurudishwa ndani ya gari.